Konokono wa Rusinga Asiyekuwa Konokono Wala wa Rusinga

Mwezi wa Agosti mwaka jana nilikwenda Nakuru kwa shughuli za duka la vifaa vya ujenzi ninalolifanyia kazi ya uhasibu, na katika saa moja ya kusubiri gari la kurudi Kisumu nikaingia kwenye kibanda cha muuza mawe ya mapambo. Nilitoka humo na jiwe la mviringo lililopasuliwa vipande viwili vinavyolingana, kila kimoja kikiwa na upana wa sentimita 11, uso wake uliokatwa uking'aa kama kioo na kuonyesha mzunguko uliojaa vyumba vidogo vya rangi ya asali. Muuzaji alikuwa ameshaniuliza ninatoka wapi. "Huyu ni konokono wa kale, dada," aliniambia, "na ametolewa Rusinga, huko huko kwenu." Alitaka shilingi 5,000, nikampa 3,500, na nakiri kwamba lililonifungua mkoba ni lile neno "kwenu", kwa maana mama yangu alizaliwa Rusinga, kile kisiwa cha Ziwa Victoria.

Bei silalamikii. Ninachotaka kueleza hapa ni namna nilivyokuja kujua kwamba maneno yake yote mawili hayakuwa ya kweli, na kwamba hata ule mng'ao ulionivutia ulikuwa na habari zake ambazo hakunieleza, labda kwa sababu naye hakuelezwa.

Nianze na konokono. Ukilipasua kombe la konokono wa bustanini, kwa kawaida utakuta mrija mmoja mrefu uliojikunja, mwembamba kileleni na mpana mlangoni, na njia iko wazi mwanzo hadi mwisho. Jiwe langu lina kuta. Nilizihesabu usiku mmoja kwa ncha ya sindano ya kushonea, nikafika 34 kabla vyumba havijawa vidogo kupita uwezo wa macho yangu. Zaidi ya hayo, konokono wengi hujikunja wakipanda juu kama ngazi ya mnara, ilhali huyu amejikunja bapa, kama mkeka uliokunjwa ukalazwa ubavu. Na kwenye ukingo wa nje kabisa wa mzunguko, chini kidogo ya gamba, upo uzi mweusi mwembamba unaokatiza kutoka chumba kimoja hadi kingine. Uzi huo ndio ulionipa jibu nilipoanza kusoma.

Jiwe langu ni kisukuku, yaani mabaki ya kiumbe wa kale yaliyogeuka jiwe, na kiumbe mwenyewe ni amonaiti. Amonaiti walikuwa wanyama wa baharini, na jamaa zao walio hai leo si konokono bali ni pweza, ngisi na dome. Mnyama mwenyewe aliishi katika chumba cha mwisho tu, kile kikubwa kilicho mlangoni. Kila alipokua alisogea mbele na kujenga ukuta nyuma yake, na uzi ule niliouona ni mabaki ya mrija uliopita katika kuta zote, ambao kazi yake ilikuwa kuondoa maji katika vyumba vilivyoachwa ili gesi ichukue nafasi yake. Kwa njia hiyo kombe zito liliweza kuelea ndani ya maji bila kuzama wala kupaa, sawa na yale madumu matupu ambayo wavuvi huyafunga kwenye nyavu zao. Nautilasi, ambaye bado yumo baharini hadi leo, anaishi kwa mtindo huo huo, ila mrija wake hupita katikati ya kuta na si ukingoni. Amonaiti wenyewe walitoweka miaka milioni 66 iliyopita, wakati ule ule dinosaria wakubwa walipotoweka.

Rangi za vyumba nazo zina maelezo yake. Chumba cha nje, alimoishi mnyama, kimejaa tope la kijivu lililogeuka jiwe, kwa sababu baada ya kufa kwake mlango ulibaki wazi na tope la chini ya bahari likaingia. Vyumba vya ndani vilikuwa vimezibwa, tope halikufika, lakini maji yenye madini yalipenya polepole na kuacha fuwele za kalsaiti, madini ya jamii ya chokaa, ambazo ndizo zenye ile rangi ya asali. Chumba kimoja hakikujaa kabisa. Katikati yake pana uwazi mdogo unaotosha kuingiza punje ya mtama, na kuta za uwazi huo zimeota fuwele kama chumvi iliyoganda kwenye mdomo wa chupa. Nikiwa na mgeni nyumbani huwa namwonyesha hapo kwanza.

Muuzaji wa Nakuru si wa kwanza kumpa mnyama huyu jina lisilo lake. Warumi walimwita pembe ya Amoni, yaani mungu wa Misri aliyechorwa na pembe za kondoo dume, na ndipo jina la kitaalamu lilipotoka. Watu wa Whitby, mji wa pwani ya kaskazini mwa Uingereza, walisimulia kwamba ni nyoka waliogeuzwa mawe na Mtakatifu Hilda. Kwa kuwa mawe hayo hayakuwa na vichwa, wachuuzi wa huko waliyachongea vichwa vya nyoka ili hadithi itimie na mnunuzi aridhike. Nikilinganisha, mimi nilitendewa kwa upole.

Sasa Rusinga. Sitaki kumwonea mtu yule, kwa kuwa uongo wake ulikuwa karibu na ukweli kuliko alivyojua. Rusinga ni mahali mashuhuri kwa visukuku. Hapo ndipo Mary Leakey alipopata fuvu la nyani wa kale aliyeitwa Proconsul mwaka 1948, na wazee wa upande wa mama yangu walikua wakisikia habari za wazungu waliokuwa wakitambaa kwenye makorongo wakiokota mifupa. Hata konokono wa kale wamo, tena wengi, lakini ni konokono wa nchi kavu waliofunikwa na majivu ya volkeno ya Kisingiri, ambayo vilima vya Gwassi ni mabaki yake. Tatizo ni hesabu ya miaka. Matabaka hayo ya Rusinga yana umri wa takriban miaka milioni 18, na amonaiti wa mwisho alikuwa ameshakufa zaidi ya miaka milioni 40 kabla jivu la kwanza la Kisingiri halijaanguka. Wala bahari haikuwapo. Miamba ya huku kwetu Nyanza ama ni ya kale mno, ya kabla ya mnyama yeyote mwenye kombe, ama ni ya volkeno na ya maziwa ya juzijuzi kwa hesabu za jiolojia. Mtu anaweza kuchimba kutoka Maseno hadi Muhuru Bay asipate amonaiti hata mmoja.

Na lau jiwe lingekuwa la Rusinga kweli, mambo yangekuwa mabaya zaidi. Sheria ya Makumbusho na Turathi za Taifa ya mwaka 2006 inamtaka mtu awe na leseni kabla ya kutafuta au kuchimba visukuku, na anayekiokota kimoja kwa bahati anapaswa kutoa taarifa. Kwa hiyo yule bwana, kwa nia ya kulipandisha jiwe lake bei, alikuwa akijitangazia kosa ambalo hakulitenda.

Kenya ina amonaiti wake, lakini wako upande wa pili wa nchi. Miamba ya kipindi cha Jurasi iliyo nyuma ya kisiwa cha Mombasa, upande wa Changamwe, Miritini na Rabai, iliwekwa chini ya bahari. Amonaiti wa Afrika Mashariki waliokusanywa na J. W. Gregory, mwanajiolojia ambaye sehemu yetu ya Bonde la Ufa huitwa kwa jina lake, walielezwa na mtaalamu mwenzake mwaka 1920. Hata hivyo langu si la huko pia. Umbo lake bapa, mizunguko iliyofunikana karibu yote, kalsaiti ya rangi ya asali, na ule mtindo wa kupasua na kung'arisha pande mbili kwa pamoja, vyote vinaelekeza Madagaska, katika bonde la Mahajanga lililo kaskazini magharibi mwa kisiwa hicho. Kutoka huko huja amonaiti wanaouzwa kwa wakusanyaji kwa jina la Cleoniceras, wenye umri wa takriban miaka milioni 110. Ni bidhaa ya kawaida kabisa katika biashara ya visukuku, na ndiyo maana shilingi 3,500 hazikuniuma.

Nilipofahamu haya yote niliingiwa na shaka nyingine. Mtu aliyenidanganya mahali, au aliyedanganywa, angeweza kuwa ameniuzia plastiki. Nilikuwa nimesoma kwamba kalsaiti ikiguswa na asidi hutoa mapovu, na asidi niliyokuwa nayo jikoni ilikuwa limau. Nikakata moja, nikadondosha matone matatu kwenye uso uliong'arishwa wa kipande kimoja, nikainama na tochi ya simu. Mapovu madogo yakaanza kupanda, nikafurahi. Tone moja lilitiririka kuelekea ukingo wa nje, na hapo nikaona jambo la ajabu: mapovu yalifika kwenye mstari fulani yakakoma, kana kwamba yamekutana na ua. Upande wa huku jiwe lilichemka, upande wa kule lilinyamaza. Niliacha tone lifanye kazi yake kwa dakika chache ili nihakikishe. Nilipofuta, kilichobaki kilikuwa doa lililofifia, lenye ukubwa wa sarafu ya shilingi kumi, katikati kabisa ya mzunguko.

Jumapili yake nilikwenda mtaa wa Migosi, hapa Kisumu, kwa Baba nikiwa na vipande vyote viwili ndani ya taulo. Baba alikuwa fundi wa terazo kwa zaidi ya miaka 30, na ziko sakafu katika mji huu ambazo mimi nikizikanyaga natambua mkono wake kwa namna alivyogawa rangi. Alivaa miwani, akalishika jiwe kama anavyoshika mwiko, akaligeuza kwenye mwanga wa mlango.

"Umelimwagia nini?"

"Limau, Baba."

Alinitazama juu ya miwani. "Mama, wewe umekulia kwenye terazo. Uliwahi kuniona naosha sakafu kwa limau?"

Sikuwahi. Kokoto ndogo za marumaru zinazochanganywa na saruji kwenye terazo ni kalsaiti vilevile, na kila mwenye nyumba aliyemlipa Baba alionywa kuhusu limau, siki na dawa za choo. Nilikuwa nimelisikia onyo hilo tangu utotoni, na bado sikuliunganisha na kitu kilichokuwa mkononi mwangu.

Kisha akaanza kulichunguza kwa njia ambayo sikuisoma popote. Alilichovya kwenye beseni la maji, akalitoa, akalisimamisha kwenye dirisha lenye jua na kungoja. Jiwe lilianza kukauka, isipokuwa maji kwenye ukingo wa nje, kuanzia ule mstari wangu wa mapovu, yalijikusanya kuwa vitone badala ya kuenea. "Hapa pamezibwa," alisema. Alipasha moto sindano kwenye jiko, akaigusisha mahali hapo kwa upande wa nyuma, na harufu ya plastiki ikatufikia sote wawili. Kipande cha takriban sentimita 2 cha ukingo kilikuwa kimevunjika, labda wakati wa kuchimba au kukata, kikajazwa gundi ngumu iliyochanganywa na unga wa jiwe lenyewe, kikasuguliwa pamoja na vingine hadi jicho lisitofautishe. Aliisifu kazi hiyo. Alisema fundi wa namna hiyo angemwajiri.

Upande wa nje wa mviringo, ambao haukukatwa, haukumpendeza. Huko kuna mabaki ya lulumizi, yaani ule mng'ao wa ndani ya kombe la chaza, wenye wekundu na kijani kibichi vinavyohama jiwe likigeuzwa. Baba alipitisha ukucha kwenye bonde dogo kati ya mizunguko, akabandua ngozi nyembamba inayopitisha mwanga. "Hii si polishi. Hii ni vanishi." Kwa maelezo yake, jiwe lililosuguliwa hung'aa lenyewe kwa kuwa uso wake umekuwa sawa, na lililopakwa vanishi hung'aa kwa niaba ya kitu kilicho juu yake. Tofauti huonekana mabondeni na pembeni, ambako vanishi hujikusanya na msasa haufiki. Tangu siku hiyo kila amonaiti nikionyeshwa naangalia kwanza katikati ya mzunguko, penye kina.

Nilimwomba aliondoe doa. Alikubali, ila akanionya kwamba akianza hawezi kurudisha kinachotoka. Nilidhani anazungumzia unene tu.

Alilaza kioo cha dirisha kuukuu juu ya meza, akaweka juu yake karatasi ya msasa namba 400 iliyoloweshwa, akaanza kulisugua jiwe kwa kulizungusha kama anayeandika tarakimu nane. Kioo kina sababu yake. Tope lililoganda na kalsaiti havilingani kwa ugumu, na ukisugua kwa kitambaa au kwa kidole, iliyo laini huchimbika haraka na ngumu hubaki imeinuka, hata mwishoni uso ukawa na mawimbi. Terazo ina taabu hiyo hiyo kati ya saruji na marumaru, ndiyo maana mashine yake ni nzito na bapa. Maji nayo hayaondolewi, kwa sababu vumbi la mawe si la kuvuta. Baada ya namba 400 zilifuata 600, 800, 1000, 1500 na 2000, na kati ya kila moja na inayofuata aliosha jiwe, kioo na mikono yake, kwa kuwa chembe moja ya msasa wa nyuma ikibaki huacha mkwaruzo ambao utakurudisha mwanzo. Karatasi zote nilizitoa dukani kwetu, nikajiandikia risiti. Kazi ilichukua jioni mbili. Mwishoni alimalizia na kipande cha suruali ya jinsi kilichopakwa dawa ya kung'arishia magari, na doa likawa halipo.

Nilivipeleka vipande vyote viwili kwenye mwanga nikavilinganisha kwa lenzi. Kabla ya limau, katikati kabisa ya kipande kile palikuwa na kitone cha duara kisichozidi nusu milimita, ambacho nilikuwa nimekiona na kukipuuza. Nimejifunza baadaye kwamba amonaiti alipoanza maisha yake ndani ya yai alikuwa na chumba kimoja tu, na vingine vyote vilizungushwa kukizunguka hicho. Ni bahati msumeno upite hapo barabara, na kwa jiwe langu ulikuwa umepita kwenye kipande kimoja tu. Sasa hapana kitu. Jioni ya kwanza ya msasa namba 400 iliondoka nacho.

Hapo ndipo nilipoanza kufikiri juu ya kila kitu kingine ambacho kusugua kunaondoa. Wataalamu huwatambua amonaiti kwa matuta na mbavu za juu ya gamba, pamoja na mistari inayoonyesha mahali ukuta ulipokutana na gamba, ambayo hupinda na kukunjamana kama ukingo wa jani la sukuma wiki. Kwa kuwa aina nyingi ziliishi muda mfupi kisha zikatoweka, Mjerumani Albert Oppel aliweza tangu miaka ya 1850 kuyapanga matabaka ya Jurasi kwa kufuata amonaiti waliomo, kama anayesoma kurasa za kalenda. Lakini ni lazima ujue jiwe limetoka tabaka lipi. Jiwe lililong'arishwa kwa ajili ya kabati limepoteza mbavu zake, na kwa kawaida limepoteza na anwani yake pia, na pengo hilo ndilo linalomwachia muuzaji wa Nakuru nafasi ya kuandika "Rusinga" humo. Sisemi kwamba watu wasinunue mawe yaliyosuguliwa. Bila msumeno na msasa nisingeziona zile kuta 34. Nasema tu kwamba kama ningepewa nafasi ya kuchagua tena, ningemwomba muuzaji anionyeshe na lile bovu la chini ya meza, lenye mbavu zake na tope lake.

Nilikata kadi ya manila nikaandika kila ninachokijua juu ya jiwe hili, kwa wino usiofutika, ili atakayelirithi asidanganywe kwa mara ya pili. Amonaiti, yamkini Cleoniceras. Madagaska, yamkini Mahajanga. Limenunuliwa Nakuru, Agosti, shilingi 3,500, kwa maelezo ya uongo kuwa ni la Rusinga. Kiraka cha gundi, sentimita 2, ukingo wa nje. Vanishi upande wa lulumizi. Kipande cha kulia kiliharibiwa kwa limau na mwenye jiwe, kikasuguliwa upya Migosi, chumba cha kwanza kikapotea.

Baba aliisoma kadi hiyo mara mbili, akaomba kalamu. Chini ya neno "Migosi" akaongeza jina lake kamili, na mbele yake, kwa herufi kubwa, FUNDI.